Nina vidonda vya tumbo, wenzangu wamechagua chakula cha Kithai

*Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Mbeya mjini, kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa nzima. Miaka mitano iliyopita nilipimwa damu ya kidole kwenye duka la dawa, nikaambiwa nina vidonda vya tumbo. Nilipewa dawa za wiki mbili, nikazinywa siku tano hivi nikaacha, maana zilinitia kichefuchefu na mdomo ukawa mchungu. Tangu hapo nimejikataza pilipili, ndimu, ukwaju na maharage. Naendelea vizuri, ila tumbo huwaka mara mojamoja, hasa usiku na nikichelewa kula. Nikinywa maziwa linatulia. Sasa ofisini tunamuaga bosi wetu, na wenzangu wamechagua mgahawa unaopika vyakula vya Kithai. Wananiambia pilipili za Kithai zinatoboa utumbo. Mama naye anasema ninywe glasi nzima ya maziwa kabla ya kwenda. Sipendi kukaa pale nikitazama wenzangu wanakula, na sipendi kulazwa pia. Niende? Nikienda nile nini? Halafu nilitaka kusahau: mgongo ukinisumbua huwa nameza diklofenaki, sijui kama ina shida na tumbo.*

Marahaba, dada. Nenda kamuage bosi wako, na ule. Nimeanza na jibu ili uyasome yaliyobaki ukiwa umetulia. Ila katika barua yako yote, pilipili haikunishtua hata kidogo. Kilichonishtua ni ile sentensi ya mwisho uliyotaka kuisahau, ya diklofenaki, pamoja na zile dawa ulizoziacha siku ya tano. Nitayafikia yote mawili.

Nikikusoma vizuri, hofu yako iko hivi: tumboni kuna kidonda, pilipili ni kali, kitu kikali kikikutana na kidonda lazima kitoboe. Watu wengi wanahesabu hivyo, na zamani madaktari nao walihesabu karibu hivyohivyo. Waliwaambia wagonjwa wapunguze mawazo, waache vyakula vikali, wanywe maziwa. Mwaka 1982, kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha maabara bakteria waliyekuwa wakimwona kwenye vinyama vilivyochukuliwa ndani ya matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakuwaamini, kwa kuwa ilidhaniwa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi kwenye tindikali ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akaamua kuwanywa bakteria hao mwenyewe. Haikuchukua siku nyingi akawa anatapika, na alipochunguzwa kwa kamera tumbo lake lilikutwa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ndiye Helicobacter pylori, yule unayemwona kwenye vyeti vya maabara zetu ameandikwa H. pylori.

Huyu mdudu ni mjanja. Anatengeneza kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo inapoza tindikali inayomzunguka. Akishapata nafuu anajichimbia ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Mwili unapigana naye miaka na miaka, ukuta unavimba, ute unadhoofika, na tindikali yako mwenyewe inafika mahali isipotakiwa kufika. Tindikali hiyo ndiyo inayochimba kidonda. Chanzo kikubwa cha pili ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Bakteria na dawa hizi ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya vidonda vyote tunavyokutana navyo.

Pilipili inafanya nini basi? Ukali wake unatokana na kapsaisini. Kitu hiki si tindikali na hakili nyama. Kinashika kwenye neva kipokezi kilekile kinachohisi joto kuanzia nyuzi 43 hivi za Selsiasi, na ubongo unapata habari kwamba unaungua, ingawa hakuna kilichoungua. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, California, naye akapata Nobel mwaka 2021. Vipokezi hivyo viko mdomoni, viko tumboni, na viko mpaka kwenye njia ya haja kubwa. Ndiyo maana mtu asiyezoea pilipili hulipa deni mara mbili, mezani na kesho yake asubuhi.

Ukiwa na mchubuko kidoleni ukakamua ndimu, utaruka. Lakini ndimu haikukuchuna, imekuonyesha tu ulipochunika. Pilipili nayo kwenye kidonda cha tumbo iko hivyo. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti mdogo ambamo watu wenye afya waliwekewa pilipili ya kusaga moja kwa moja tumboni, kisha wakachunguzwa kwa kamera. Hawakuonekana na jeraha. Katika utafiti huohuo, waliokula chakula kisicho na viungo pamoja na aspirini walionekana na michubuko. Ulikuwa utafiti wa muda mfupi, na kwa watu wazima wa afya, kwa hiyo siufanyi msahafu. Ila unakueleza kwa nini nimeisoma sentensi yako ya diklofenaki mara mbili.

Sasa usinielewe vibaya ukaenda kuagiza chakula kikali kuliko vyote kwenye menyu. Kutotoboa ni jambo moja, kuuma ni jingine. Mwenye kidonda kilicho wazi, au mwenye tumbo linalosikia kila kitu hata bila kidonda, pilipili nyingi zitamtesa usiku kucha. Wewe unasema tumbo linawaka usiku na ukiwa na njaa, na ukiweka kitu linatulia. Maelezo hayo yanafanana sana na kidonda cha duodeni, yaani kile kipande cha utumbo kinachoanzia tumbo linapoishia. Siwezi kukupima kwa barua, lakini nakuchukulia kama mtu ambaye huenda ana kidonda hai. Kwa hiyo ushauri wangu kwa usiku huo ni kwamba uende, ule ushibe, ila ukae upande wa upole wa menyu. Jambo jingine ni kwamba umekaa miaka mitano bila pilipili. Wanaokula kila siku neva zao zimezoea, zako hazijazoea. Ukijipima na wenzako mezani utaumia hata kama tumbo lako ni zima kama la mtoto.

Upande wa upole upo, na ni mpana kuliko wenzako wanavyofikiri. Mezani kwa Wathai wali ndio chakula, vingine vyote ni vya kusindikizia, na kwa kawaida huletwa pamoja vikaliwa kwa kugawana. Wali wao maarufu, wa jasmini, unanukia vizuri, ingawa mtu wa Kyela atabisha. Wala vikolezo visikutishe: mchaichai ni uleule tunaotia kwenye chai, na kuna mzizi mmoja wa jamii ya tangawizi, majani ya mndimu, ukwaju na tui la nazi. Pilipili yenyewe ni mgeni kule kama ilivyo mgeni huku. Ilitoka Amerika, na Wareno ndio wanaotajwa kuifikisha Asia kwenye karne ya 16.

Mpishi wa Kithai anatia pilipili kwa njia tatu, na ukizijua utaweza kuagiza bila woga. Ya kwanza ni mezani. Utaona vibakuli vidogo: pilipili kavu ya kusaga, pilipili iliyolowekwa kwenye siki, sukari, na pilipili mbichi iliyokatwa ikaogeleshwa kwenye nam pla, yale maji ya chumvi yanayotokana na samaki waliochachuliwa. Hapo ukali uko mkononi mwako, usipoutia haupo. Ya pili ni chakula kinachokaangwa au kutwangwa palepale ulipoagiza. Som tam, kwa mfano, ni saladi ya papai bichi iliyochanwa nyembamba. Mpishi anaanza na kinu: kitunguu saumu na pilipili chini, anatwanga, ndipo anatia papai, nyanya, ndimu na vinginevyo. Hapo una haki ya kumwambia atie nusu pilipili au asitie kabisa, na ataweza, kwa sababu bado hajaanza. Ya tatu ndiyo ya kuangalia. Kari, ile ya kijani na ile nyekundu, hupikwa kwa rojo ambalo pilipili zimeshatwangwa ndani pamoja na viungo vingine tangu asubuhi, au limenunuliwa kwenye kopo. Mhudumu akikuambia "tutakutolea pilipili" kwenye kari ya kijani, anakufurahisha tu. Kinachowezekana ni kuongeza tui. Na kijani hicho kisikudanganye ukadhani ni mchicha, ni pilipili mbichi hizo.

Kwa usiku wako mimi ningeanza na khao man gai kama wanaipika: kuku wa kuchemsha juu ya wali uliopikwa kwa supu yake, na mchuzi mkali unakuja pembeni kwenye kibakuli chake. Waambie wenzako wagawane hicho kibakuli. Pad thai nayo ni tambi za mchele zilizokaangwa na mayai, ukwaju na karanga, pilipili ya unga huwekwa kando ya sahani. Ukwaju wake si mwingi wa kukuzuia, lakini ukiona unakuchoma, acha, hulazimiki kumaliza. Massaman ina iliki, mdalasini, karafuu, viazi, karanga na tui. Ni kari iliyochukua mengi kutoka kwa Waislamu waliofika kule na biashara, na mtu aliyekulia kwenye pilau hatajiona mgeni. Ni kari, kwa hiyo pilipili imo, ila kwa kawaida ndiyo ya upole kuliko zote. Kula kidogo na wali mwingi.

Tom yum ndiyo ningekushauri uionje tu. Ni supu ya kamba yenye ndimu, mchaichai na pilipili: kali, chachu, na ya moto, vyote kwa pamoja. Migahawa yetu imezoea kuleta supu kwanza, kwa hiyo inakukuta tumbo tupu saa mbili usiku baada ya kutwa nzima ya chai na maandazi. Omba iletwe pamoja na wali. Dada yake, tom kha, ana tui na ni mpole zaidi. Tui lenyewe lina mafuta, na mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Kama shida yako ni kiungulia, ile tindikali inayopanda kifuani ukilala, sahani kubwa ya kari ya nazi usiku itakusumbua kuliko pilipili mbili. Kula mapema, kisha kaa saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Kuhusu pilipili za Kithai kuwa za ajabu: zile ndogo zao hupimwa kati ya 50,000 na 100,000 kwenye kipimo cha Scoville, kinachopima ukali wa pilipili. Pilipili mbuzi, zile za mviringo zinazouzwa kwa mafungu Mwanjelwa, ni za jamii inayoanzia hapo 100,000 na kwenda mpaka 350,000. Kwa hiyo wenzako wanaokutisha na Thailand huenda wanakamulia kali zaidi kwenye supu ya asubuhi. Na mpishi wa hapa Mbeya, asipopata pilipili za kule, atatumia alizozikuta sokoni. Muulize ametumia zipi. Ukitaka kuonja kidogo, pasua pilipili, toa utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu, maana kapsaisini nyingi imekaa kwenye utando huo. Mbegu zinasingiziwa.

Kando kidogo, kwa faida ya meza nzima: kama kuna mwenzenu mwenye mzio wa karanga au wa kamba, yeye ndiye mwenye hatari ya kweli usiku huo kuliko wewe. Karanga ziko kwenye vyakula vingi vya Kithai, na rojo la kari mara nyingi lina kamba waliosagwa wasioonekana kwa macho. Aseme kwa mpishi kabla ya kuagiza. Na wenye presha wapunguze nam pla: kijiko kimoja kikubwa kina sodiamu ya kukaribia robo tatu ya kile Shirika la Afya Duniani linachotaka mtu mzima asikivuke kwa siku nzima.

Mama yako na maziwa. Mpe heshima yake, kwa kuwa kuna sehemu amepatia. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana glasi ya maji mdomo ukiwaka haisaidii, na soda inaongeza kero. Maziwa yana protini iitwayo kasini na mafuta, vinaibeba kapsaisini kutoka ulimini. Kwa hiyo maziwa au mtindi uwe navyo mezani, wakati wa kula. Kuyanywa kabla ili yafunike kidonda hakusaidii. Yanapoza tindikali kwa muda, halafu protini na kalsiamu yake zinaliambia tumbo litoe tindikali nyingine. Huenda ndiyo maana linatulia, kisha linawaka tena. Siyakatazi. Sisi wa huku tumekulia kwenye maziwa ya Rungwe na ni chakula kizuri, ila si dawa ya kidonda. Na maharage urudie kula. Yanaleta gesi kwa baadhi ya watu, lakini hayachimbi vidonda, na umejinyima protini ya bei nafuu miaka mitano bila sababu. Bia na pombe kali ndizo ningependa uziache usiku huo.

Sasa diklofenaki. Tumbo linategemea kemikali ziitwazo prostaglandini ili kutengeneza ute na kupata damu ya kutosha kwenye ukuta wake. Diklofenaki inaondoa maumivu kwa kuzuia prostaglandini, na haichagui za mgongoni ikaacha za tumboni. Wapo wanaodhani wakichoma sindano tumbo linapona. Dawa inafika kwa njia ya damu, kwa hiyo sindano haikuokoi. Mwenye H. pylori anayemeza dawa hizi anabeba hatari mbili kwa wakati mmoja, na baya zaidi, kwa kuwa zinaua maumivu, kidonda kinaweza kutoa damu bila kukuonya. Kama ulizinunua mwenyewe dukani, acha. Kama daktari ndiye aliyekuandikia, rudi kwake umweleze habari ya tumbo kabla ya kumeza tena. Kwa mgongo wa kukaa mezani, parasetamoli inavumiliwa vizuri na tumbo, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, visizidi vinane kwa saa 24, na usiitumie hivyo bila ushauri kama una ugonjwa wa ini au unakunywa pombe sana. Diklofenaki ya kupaka nayo ni bora mara nyingi kuliko ya kumeza. Kiti chako cha ofisini kiangalie pia, inuka kila saa.

Kisha hilo la duka la dawa. Kipimo cha damu ya kidole kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu kwamba mwili uliwahi kukutana na H. pylori. Barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wamekutana naye, wengi tangu utotoni, na walio wengi hawapati kidonda maisha yao yote. Kwa hiyo ulichoambiwa siku ile kilikuwa "umewahi kukutana na mdudu". Hakuna aliyekiona kidonda. Unaweza kuwa nacho, unaweza kuwa na kiungulia, unaweza kuwa na tumbo lenye hisia kali tu. Matibabu yake yanatofautiana. Na ukiwa kweli na bakteria, siku tano za antibayotiki hazikumtoa. Huenda zilimfundisha kuzizoea. Ndiyo maana nakuomba usirudi dukani kununua zilezile. Safari hii daktari achague mchanganyiko, mara nyingi wa siku 14, na ukipata kichefuchefu umwambie akusaidie badala ya kuacha.

Kuna dalili ambazo hazisubiri karamu wala barua kwangu: choo cheusi kinachong'aa kama lami, kutapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, kizunguzungu na kupauka, kupungua uzito bila kutaka, chakula kukwama kikishuka, au maumivu ya ghafla yanayofanya tumbo kuwa gumu kama ubao. Ukipata mojawapo ya kutoka damu au hilo la tumbo gumu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Kumbuka tu kwamba vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mweleze daktari kama unavitumia.

Usipokuwa na dalili hizo, panga miadi ndani ya wiki chache zijazo. Anzia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe. Wakiona haja ya kipimo cha kamera watakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Omba kipimo cha choo cha antijeni ya H. pylori, yaani kinachotafuta vipande vya bakteria mwenyewe, au cha pumzi kama kipo, usikubali tena cha damu ya kidole. Kama unameza omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, muulize daktari kama unaweza kuisimamisha wiki mbili kabla ya kupima, na uwe umepita wiki nne bila antibayotiki yoyote, la sivyo majibu yanaweza kusema huna mdudu wakati yupo. Ukishatibiwa utapima tena kwa kipimo hichohicho, wiki nne au zaidi baada ya kidonge cha mwisho.